Kamba ya Mafundo Matatu

Walimleta Telesphor jua likiwa bado halijafika utosini, wamembeba mikono na miguu kama mzigo wa nyavu. Verdiana, mkewe, alikuwa mchangani anageuza dagaa. Alimwona shemeji yake Makarius mbele, mdomo wazi, macho mekundu, akajua kabla hajaambiwa. Hakupiga kelele. Aliweka ufagio chini, akajifunga kanga upya kiunoni, akauliza neno moja tu.

"Anapumua?"

"Anapumua, shemeji. Hata kuongea anaongea. Lakini miguu..."

"Miguu imefanyaje?"

"Anasema hana miguu."

Miguu alikuwa nayo yote miwili, inaning'inia, maji yanadondoka kwenye visigino. Bado alikuwa amevaa ile fulana nyeusi ya mpira ya kuzamia, imembana mpaka shingoni. Akamtazama mkewe, akajaribu kucheka.

"Mama Eme, nipanguse pua. Hawa wamenibeba vizuri sana, lakini hakuna hata mmoja aliyenipangusa pua."

Verdiana akampangusa kwa ncha ya kanga. Ncha ikatoka na damu kidogo. Akaikunja ndani ili mama mkwe asiione.

Ilikuwa mwaka wa sabini na tatu, mwaka mmoja kabla watu hawajahamishiwa vijijini, kwenye vijumba vya wavuvi upande wa Karema. Miezi miwili nyuma alikuwa amefika mama mmoja Mzungu kutoka Bujumbura, jina lake Séverine, na mitungi ya chuma iliyojazwa hewa. Watu wakamwita Mama Mitungi. Ametumwa na wanunuzi wa shaba kuitazama meli ya vita vya zamani iliyolala mbele ya majabali, chini pima ishirini na tano. Alitaka mwogeleaji wa kumsaidia. Telesphor akajitokeza, akafundishwa kupumua kwa mpira mdomoni, kwanza kwenye maji ya kiunoni, halafu zaidi na zaidi. Malipo yake waliyokubaliana ni mabati ya kuezekea nyumba ya mama yake. Alikuwa ameshafika kwenye meli mara tatu. Akirudi anawahadithia: sahani bado zimepangwa jikoni, na samaki wamefanya bomba la moshi kuwa nyumba.

Hii ya leo ilikuwa mara ya nne.

*

Pelagia, mama yake Telesphor, hakuuliza mengi. Alipoona mwanawe anaingizwa ndani, alichota majivu jikoni akayamwaga kizingitini, mstari mmoja kutoka mwimo hadi mwimo, ziwa lisimfuate ndani. Akakoka moto. Akamvua mwanawe ile fulana ya mpira kwa kuikata na kisu cha samaki, akamfunika blanketi.

"Maji asipewe," alisema. "Uji tu. Na mtu asimwogeshe. Siku saba."

Kwao ndivyo walivyokuta. Mtu ambaye ziwa limemshika likamwachia, hagusi maji siku saba. Siku ya saba mama yake, au mwanamke mkubwa wa nyumba, anamchukua pwani, anasema maneno machache, naye mkewe anamtia miguu majini, basi, amekwisha rudi kwa watu. Pelagia hakuyachukua mambo haya kwa mdomo tu. Mume wake, Bartolomeo, mtumbwi ulipinduka akaokolewa. Siku ya tatu akasema nyavu zitaoza, akarudi majini. Walichokipata ni kofia.

Makarius alikuwa amekaa pembeni ya mlango na kamba mapajani. Hakuna aliyemuuliza, akaanza kusema mwenyewe.

"Mama Mitungi alinionyesha vizuri. Kamba ina mafundo matatu, kila fundo lina kitambaa chekundu. Akasema, Makarius, ukimvuta, vuta polepole. Fundo la kwanza likifika mkononi, simama, sali fungu moja la rozari. La pili, mafungu mawili. La tatu, rozari nzima. Ndipo umtoe. Tulipima kwa sala kwa sababu mimi saa sina."

"Sasa ukafanyaje?" Verdiana akauliza.

"Kamba ilitikisika. Si mara tatu kama tulivyopatana. Ilitikisika, ikatikisika, ikatikisika."

"Ilinasa kwenye chuma," Telesphor akasema kutoka kwenye blanketi. "Nilikuwa ninainasua."

"Mimi ningejuaje, kaka? Kamba ya dagaa ikitikisika hivyo unavuta. Tangu mdogo navuta. Mikono ilivuta yenyewe." Akaitazama mikono yake. "Nilivuta mafundo yote matatu kwa mara moja. Sikusali hata Salamu Maria moja."

Pelagia akageuka. "Umemtoa ndugu yako akiwa hai, unalia nini? Ungesali huko ukamwacha azame?"

Telesphor alikuwa anajifinya paja chini ya blanketi, anafinya kwa kucha, uso wake umetulia kama mtu anayefinya paja la mwingine.

*

Séverine hakuwa amejificha. Alikuwa chini kwenye meli pamoja na Telesphor, anapima pangaboi la shaba, alipomwona anavutwa kwenda juu kama gunia. Yeye hakuweza kumfuata. Alipanda polepole, akasimama pale pa kusimama, akangoja dakika zake kwa saa ya mkononi huku analia ndani ya kioo cha usoni. Alipotokeza kichwa juu ya maji, mtumbwi ulikuwa umeshaondoka, na wavuvi wengine ndio waliompandisha.

Akaja mbio kutoka pwani, miguu peku, nywele zinachuruzika. Nyuma yake wanaume wawili wamebeba mitungi minne. Wakaiegemeza kwenye kinu nje ya mlango. Akaingia bila hodi na kuyakanyaga majivu.

Pelagia akatazama mstari wake uliokatika. Akatazama unyayo wenye maji.

"Mama, mutanisamehe," Séverine akasema. Kiswahili chake kilikuwa cha Kongo. "Sina muda. Telesphor, unasikia miguu?"

"Sisikii."

"Tumbo?"

"Mpaka kitovuni ni kama si langu."

Akapiga magoti, akamkwaruza unyayo kwa ukucha, akatazama. Kidole hakikucheza. Akainuka.

"Tumubebe sasa hivi. Nitamurudisha chini."

"Umrudishe wapi?" Pelagia akauliza.

"Ndani ya maji. Miye pamoja na yeye, na kila mutu na mutungi wake. Tushuke, tukae, halafu tupande polepole sana, kama masaa matatu. Mama, umeona chupa ya soda? Ukiitikisa na kuifungua haraka, inatoa povu. Damu yake iko vile. Povu limekaa kwenye uti wa mgongo. Akirudi chini, povu linayeyuka."

"Mwanangu si soda."

"Mama..."

"Asubuhi nilikupa mtu anatembea. Umenirudishia nusu. Sasa unataka nusu iliyobaki?"

Watu waliosimama nje wakaguna. Mmoja akasema kwa sauti, "Huyo anataka kumalizia kazi yake." Mwingine akacheka, halafu akaona aibu.

Telesphor akamwita mkewe kwa kidole. Verdiana akainama.

"Ni kweli anachosema. Alinifundisha hayo kabla sijashuka. Mimi nilisahau kuwafundisha nyie."

"Wewe unasemaje?"

"Nasema nirudi." Akaushika mkono wa mkewe. "Lakini naogopa, Mama Eme. Nilipokuwa navutwa, niliona giza. Mama hawezi kusema ndiyo, unamjua. Makarius hana kauli leo. Sema wewe. Ukisema nibebwe, watanibeba."

Verdiana akasimama. Nyumba yote ilikuwa inamtazama, na mlangoni vichwa vimejaa. Maisha yake yote hapa hakuna aliyewahi kungoja neno lake, wala kwenye bei ya dagaa.

"Mama Séverine," akasema, "atapona?"

"Sijui. Sitaki kudanganya wewe. Anaweza kupona, akatembea. Anaweza kufia mikononi mwangu kule chini. Ukikataa, leo hatakufa. Lakini hatatembea."

"Na ganzi je? Mtu akikalia mguu unakufa ganzi, halafu unarudi."

"Hii si ganzi, mama."

Pelagia alikuwa ameshachota majivu mengine. Akayarudishia mstari polepole, amewapa mgongo, anaongea na mlango. "Kofia yake ninayo mpaka leo. Ipo kule darini. Verdiana, ukitaka nitakuonyesha, ujue mtu anavyorudi nyumbani akiwa kofia."

Verdiana akamtazama mume wake. Anapumua. Macho yanamtazama. Mkono wake una joto. Kumtoa kwenye blanketi, kumbeba, kumtia kule kwenye giza pima ishirini na tano, halafu kusimama mchangani masaa matatu unatazama maji yaliyonyamaza. Akaona hana moyo wa hilo.

"Apumzike," akasema. "Kesho tutaona."

"Kesho hakuna, mama," Séverine akasema.

"Nimesema apumzike."

Telesphor akafumba macho. "Haya," alisema. "Haya, Mama Eme."

Séverine akatoka nje akakaa chini karibu na kinu, mgongo kwenye mitungi. Hakuna aliyemkaribisha kiti. Akakaa hapo mpaka kivuli cha nyumba kikamfunika miguu, kikafika kifuani. Ndipo akawaita wanaume wake wawili, wakaibeba mitungi minne imejaa vilevile, wakaondoka.

*

Kesho yake Telesphor hakupata mkojo. Tumbo likapanda kama la mwanamke mwenye mimba ya miezi mitano. Pelagia alimkanda kwa majani ya moto. Ngozi ikababuka, na mgonjwa hakusema "ai". Hapo Verdiana akaelewa. Alitoka bila kuaga, akapita njia ya majabali mpaka kwenye hema la Mama Mitungi.

Mlinzi, Stanslaus, mtu wa palepale kijijini, alimzuia kwa fimbo.

"Leo ndiyo umekumbuka njia?"

"Niitie mama."

"Jana mama amekaa mlangoni kwako kama ombaomba. Hukumpa hata maji. Leo unataka nikuitie?"

"Stanslaus, mume wangu amekupa samaki mara ngapi?"

Stanslaus akashusha fimbo. "Anafunga vitu," akasema. "Nenda."

Séverine alikuwa anaviringisha mipira. Macho yamevimba. Verdiana hakumsalimu. Alipiga magoti pale kwenye kokoto, akaukumbatia mtungi uliokuwa karibu kama mtu anayekumbatia mtoto wake asichukuliwe.

"Nimekubali. Tumbo limevimba, mkojo hautoki. Mchukue. Mama mkwe sikumuuliza, Makarius atambeba. Mchukue sasa."

"Inuka, mama."

"Siinuki. Nimesema ndiyo. Jana ulitaka niseme ndiyo, si ndiyo hii?"

"Ile ilikuwa jana." Séverine akachuchumaa mbele yake. "Sasa uti wa mgongo umeshaumia. Nikimushusha leo na tumbo lile, namuua tu. Mumupeleke Mpanda, hospitali. Watamutoa mkojo. Usingoje."

"Na miguu?"

Séverine alishika mkono wa Verdiana, akautoa kwenye mtungi kidole kimoja kimoja. Hilo ndilo lilikuwa jibu.

"Mabati nitatuma," akasema. "Yote."

Verdiana akamtazama kama hajui bati ni nini.

*

Lori la kwenda Mpanda lilikuwa la Halfani, mfanyabiashara wa dagaa, mtu mpole mwenye kanzu iliyofubaa. Alikubali kumpakia mgonjwa juu ya magunia. "Ila mumfunge, mama," alimwambia Verdiana. "Njia ya milimani itamrusha."

Kamba iliyopatikana ilikuwa ile. Makarius alimfunga kaka yake kwa mkono wake, akaizungusha kifuani na kiunoni, na vitambaa vyekundu vikakaa juu ya blanketi, viwili mbele na kimoja begani.

"Sasa umefunga vizuri," Telesphor akamtania. "Leo ukivuta sitoki."

Makarius akashuka garini, akaenda kusimama nyuma ya mti mpaka lori likaondoka.

Walipofika katikati ya safari, jua kali, mwanamke mmoja mchuuzi aitwaye Rabia akaruka kutoka alipokaa, akavuta furushi lake.

"Astaghafiru! Jamani, mtu mzima anajikojolea! Juu ya chakula cha watu!"

Watu wakageuka. Telesphor naye akageuka, akatafuta nani amefanya. Akamtazama mtoto aliyebebwa na mama mmoja. Halafu akaona watu wote wanamtazama yeye. Akainua shingo, akaangalia chini kwenye blanketi. Mkojo uliokataa siku mbili ulikuwa umeanza kupenya wenyewe, unachuruzika kwenye gunia.

"Ni mimi?" akamuuliza mkewe, polepole.

"Ni maji," Verdiana akasema. "Nimemwaga maji."

"Maji yananuka?" Rabia akasema. "Mwambie ukweli mumeo!" Halafu akaona ile kamba na ile miguu inavyocheza kila lori linaporuka, akaketi tena. Baada ya muda akafungua furushi, akatoa kipande cha kanga kuukuu, akampa Verdiana bila kumtazama.

*

Mpanda walikaa hospitalini wiki tatu. Wakamtia mpira wa mkojo, tumbo likashuka. Aliyekuwa anawahudumia ni mganga msaidizi kijana aitwaye Thadei, mtu wa kuuliza sana na kuandika. Ugonjwa huu alikuwa ameusoma tu, hajawahi kuuona, na alisema hivyo mwenyewe bila kujikweza. Siku moja akaja na kitabu kinene, akakaa ukingoni mwa kitanda. Verdiana alikuwa anapoza uji kwa kijiko.

"Kaka Telesphor, nimesoma. Hapa nchini sijui mashine ya kutibu hii ilipo. Ila wameandika kwamba, pale ambapo hakuna mashine, wengine humrudisha mtu chini ya maji siku ileile, apande taratibu. Ni hatari, lakini wapo waliosimama." Akageuza ukurasa. "Hakuwepo wa kukurudisha?"

Kijiko cha Verdiana kikasimama. Aliiona mitungi minne, imeegemea kinu chake, jua linawaka kwenye chuma. Akafungua mdomo aseme. Aseme, ajulikane, apigwe hata kofi, litakuwa afadhali.

"Mwenye mitungi alikuwepo," Telesphor akasema. "Lakini hewa ilikuwa imekwisha. Mitungi ilikuwa mitupu."

"Yote?"

"Yote, mganga. Mama Eme anajua. Alienda mwenyewe kuangalia."

Thadei akatikisa kichwa, akaandika. "Bahati mbaya," akasema, akafunga kitabu.

Alipoondoka, Telesphor akamwonyesha mkewe bakuli. "Uji unapoa."

Akamlisha. Hawakulizungumza siku ile. Hawakulizungumza tena. Verdiana alingoja kwenye lori la kurudi, alingoja alipokuwa anambadilisha nguo, alingoja siku alipomwangusha kwa bahati mbaya akaumia bega. Mume wake alikuwa anasema asante. Kwa kila kitu, asante, Mama Eme, kama mgeni.

*

Mabati waliyakuta. Yalikuwa yameegemezwa ukutani kwa Pelagia, yamefungwa waya, mapya, yanang'aa mpaka kuku wanayaogopa. Makarius alisema atapanda ayapigilie. Hakupanda. Kamba, nyundo, ngazi, vyote alikuwa anavigusa na kuviacha.

Siku saba zilikuwa zimepita zamani. Pelagia hakusahau. Asubuhi ya pili baada ya kufika, alivaa gauni lake la kanisani, akasema, "Leo namrudisha mwanangu."

Wakambeba kwenye kitanda cha kamba mpaka pwani, wakamketisha kwenye jiwe bapa, Makarius akamshika mgongo. Majirani walisimama mbali kidogo, kwa heshima. Ziwa lilikuwa limetulia, na mbele ya majabali, pale juu ya meli, mitumbwi miwili ilikuwa inavua kama kawaida.

Pelagia akaingia majini mpaka magotini, akachota maji kwa viganja, akayamwaga. Akaanza maneno yake. Alimtaja Bartolomeo. Alishukuru kwamba safari hii ziwa limekubali. "Tulikungoja siku zako," alisema, "hatukukimbilia, hatukukudharau. Umetuachia mtu wetu. Tulifanya vizuri, nawe umefanya vizuri."

Makarius midomo yake ilikuwa inacheza nyuma ya mgongo wa kaka yake. Alikuwa anasali rozari, na alikuwa hajafika fungu la tatu.

Kutia miguu ilikuwa kazi ya mke. Verdiana akachutama ndani ya maji, akaishika miguu ya mume wake kwenye vifundo, mmoja mmoja, akaishusha. Ilikuwa imekonda tayari. Maji yakapanda mpaka juu ya ugoko. Dagaa wadogo wakaja wakavigusagusa vidole, wakaondoka, wakarudi.

Telesphor hakuwa anatazama chini. Alikuwa anatazama mbali, kwenye mitumbwi, kidevu juu, kama mtu anayengoja kuchomwa sindano na hataki kuiona. Mabega yake yalikuwa yamekaza. Akangoja. Mama yake akafika mwisho wa maneno. Bado anangoja.

"Mama Eme," akasema. "Mmeshaitia miguu?"

Verdiana alikuwa ameishika miguu yote miwili chini ya maji, vidole vyake vimekufa ganzi kwa baridi.

"Bado," akasema. "Maji ni baridi, Baba Eme. Nakuandaa kwanza."